Adolph Menzel: Mtu Mfupi Aliyelivisha Jeshi Zima

Kuna watu ambao jeshi liliwakataa, halafu wakaja kulijua jeshi kuliko majenerali wake. Adolph Menzel ni mmoja wao. Alikuwa mchoraji wa Kijerumani mwenye kimo cha kama mita 1.40 hivi, yaani ukimweka kwenye foleni ya kafeteria saa saba mchana, humwoni. Kwa sababu ya ufupi huo hakuchukuliwa kuwa askari. Lakini leo, zaidi ya miaka 100 tangu afariki, mtu akitaka kujua askari wa Prusia wa karne ya 18 alikuwa na vifungo vya rangi gani, lazima apite mlangoni kwake.

Unaweza kuuliza, sasa sisi vifungo vya Wajerumani vinatuhusu nini? Swali zuri, nitalijibu huko mbele. Kwanza niseme jambo moja. Ulaya na Marekani kuna vikundi vya watu wa kawaida kabisa, walimu, mafundi, wahasibu, ambao mwisho wa wiki wanavaa sare za majeshi ya zamani, wanapiga kambi porini, wanacheza gwaride na kuigiza vita vya karne zilizopita. Usiwacheke. Huku kwetu pwani wazee wetu walicheza beni, wakajigawa Marini na Arinoti, wakavaa kijeshi na kupeana vyeo vikubwa vikubwa. Tofauti ni kwamba wenzetu wa siku hizi wanatafuta usahihi. Uzi, kitambaa, kola, kila kitu kiwe kama kilivyokuwa. Ikifika Krismasi na Mwaka Mpya wanatumiana kadi zenye picha ya askari wa kikosi chao, na yule anayepewa kazi ya kuichora ana kibarua kweli. Akikosea mfuko mmoja tu wa koti, wenzake wote wataona. Kama kikundi chake kinaigiza jeshi la Mfalme Friedrich wa Pili, yule anayeitwa Friedrich Mkuu, basi kitabu cha kurejea ni cha Menzel. Na kinachonifurahisha ni kwamba Menzel mwenyewe, kabla hajawa mtu wa kualikwa ikulu, alikuwa kijana wa kuchora kadi za Mwaka Mpya ili nyumbani wale.

Mtoto wa mwenye kiwanda cha mawe

Adolph Menzel alizaliwa tarehe 8 Desemba 1815 katika mji wa Breslau, Silesia. Wakati huo mji ulikuwa wa Prusia. Siku hizi uko Poland na unaitwa Wrocław. Baba yake alikuwa mkuu wa shule ya wasichana, lakini akaacha ualimu (wenzangu wa elimu, msiige haraka) na kufungua karakana ya kuchapa kwa mawe. Teknolojia hiyo ilikuwa bado mpya. Aliyeigundua, Alois Senefelder wa Munich, alikuwa ameianza mwishoni mwa miaka ya 1790.

Inabidi tuielewe kidogo, kwa sababu ndiyo iliyomlea. Unachukua jiwe la chokaa lililosuguliwa likawa laini kama meza. Unachora juu yake kwa wino au kalamu yenye mafuta. Halafu unalilowesha jiwe kwa maji. Pale penye mchoro maji yanakataa, maana mafuta na maji havipatani. Ukipitisha wino wa kuchapia, nao una mafuta, unashika kwenye mchoro tu na kuacha sehemu nyingine. Unaweka karatasi, unagandamiza, picha imetoka. Unaweza kurudia mara nyingi.

Ila kuna mtego. Picha inatoka imegeuka, kulia kunakuwa kushoto. Kwa mchoraji wa maua hilo si tatizo kubwa. Kwa mchoraji wa askari ni balaa. Upanga unavaliwa ubavu wa kushoto. Ukimchora askari kwenye jiwe kama unavyomwona, atatoka kwenye karatasi na upanga kulia, na koti limefungwa upande usio wake. Kwa hiyo anayechora moja kwa moja juu ya jiwe lazima afikirie kinyume muda wote. Menzel alizaliwa mtumiaji wa mkono wa kushoto, akajizoeza na wa kulia mpaka akawa anatumia yote miwili. Mkono wa kushoto akachorea, wa kulia akapakia rangi.

Mwaka 1830 familia ilihamia Berlin, mji mkuu, kutafuta riziki nono zaidi. Haikukaa sana. Mwaka 1832 baba akafariki ghafla. Adolph alikuwa na miaka 16. Nyumbani kulikuwa na mama na wadogo zake wawili, Richard na Emilie, na karakana inayodai kazi.

Hapa wengi wetu tungeandika barua ya kuahirisha maisha. Yeye aliingia kazini. Alichora chochote kilicholetwa na mteja: kadi za salamu za Mwaka Mpya, mialiko, vibandiko vya bidhaa, vichwa vya barua vya wafanyabiashara. Vitu ambavyo mtu anavitazama mara moja na kuvitupa. Usiku alijifundisha. Mwaka 1833 alijiunga na Chuo cha Sanaa cha Berlin, darasa la kuchora sanamu za plasta, akaona hakumpi alichokuwa anakitaka, akaondoka baada ya muda mfupi. Simshauri mtu aache chuo, maana yeye alikuwa na karakana nyumbani na wewe una deni la Bodi. Ninachosema ni kwamba zile kadi ndogo ndizo zilizokuwa chuo chake. Kadi ina nafasi ndogo, mteja ana haraka, na mstari uliokosewa kwenye jiwe ni taabu kuufuta. Ukifanya hivyo kwa miaka, mkono unakuwa hauongopi.

Akiwa na miaka 18 alitoa mfululizo wa michoro ya mawe kuhusu maisha ya msanii, kutokana na maandishi ya Goethe, na watu wa Berlin wakaanza kuulizana huyu dogo ni nani. Baada ya hapo, kati ya 1834 na 1836, akachora picha 12 za matukio ya historia ya Brandenburg na Prusia. Ndipo alipoanza kukutana uso kwa uso na tatizo lililokuja kuwa kazi ya maisha yake: watu wa zamani walivaaje hasa?

Picha 400 na mzee mmoja mwenye hasira

Mwaka 1839 mwanahistoria Franz Kugler alikuwa anaandika kitabu cha maisha ya Friedrich Mkuu, mfalme aliyetawala Prusia kuanzia 1740 hadi 1786 na kupigana Vita vya Miaka Saba, 1756 hadi 1763. Ufaransa walikuwa wametoka kuchapa kitabu cha Napoleon chenye michoro mingi ya Horace Vernet, na Wajerumani nao walitaka chao. Kazi ya kuchora akapewa Menzel. Alikuwa na miaka 23.

Alichora picha kama 400 katika muda wa miaka mitatu hivi. Safari hii si kwa mawe bali kwa mbao: mchoraji anachora juu ya kipande cha mbao ngumu, kisha fundi mchongaji anachonga na kuacha mistari ile tu. Mwanzoni mbao zilipelekwa Paris zikachongwe huko. Menzel hakuridhika, kwa sababu mafundi walikuwa wanaubadilisha mstari wake uwe mzuri kwa ladha yao. Akawanoa mafundi wa Berlin mmoja mmoja mpaka wakaweza kufuata kalamu yake bila kuongeza wala kupunguza. Kabla hajamaliza kitabu alikuwa ameinua fani nzima ya uchongaji wa mbao mjini kwake.

Lakini kabla ya kuchora alikuwa anafanya utafiti, na hapa ndipo sisi wa asainimenti za kukopi na kupesti tunapaswa kukaa vizuri. Friedrich alifariki 1786, zama ambazo hakukuwa na kamera. Menzel alikwenda kutazama picha za wachoraji waliomwona mfalme akiwa hai. Alikichora kinyago cha uso wa mfalme kilichochukuliwa alipokufa. Alikwenda Potsdam akachora vyumba, viti, vinara vya mishumaa. Na alikwenda kwenye maghala ya kijeshi ambako nguo za zamani zilikuwa zimehifadhiwa, akazitoa, akazigeuza ndani nje, akaona mishono.

Si wote waliofurahi. Johann Gottfried Schadow, mchongaji sanamu maarufu aliyekuwa akikiongoza Chuo cha Sanaa, mzee wa miaka zaidi ya 70, aliiponda michoro hiyo hadharani gazetini kwamba ni mikwaruzo tu. Fikiria, wewe una miaka 20 na kitu, mkuu wa chuo anakusema gazetini. Menzel hakunyamaza, alimjibu palepale gazetini kwa heshima, kisha akarudi kuchora. Kitabu kilipotoka chote mwaka 1842, wasomaji walikipokea kwa mikono miwili. Chuo kilekile kilimfanya mwanachama mwaka 1853, na 1856 kikampa cheo cha profesa. Mzee Schadow hakuwahi kuyaona hayo, alikuwa ameshafariki mwaka 1850.

Jeshi ndani ya juzuu tatu

Baada ya kitabu cha Kugler mtu mwingine angepumzika. Menzel aliona kwamba maarifa yote aliyokusanya kuhusu nguo yangepotea kama asingeyaweka mahali pamoja. Akaanza kazi ambayo ilimchukua kuanzia 1842 hadi 1857, miaka 15: kuchora sare zote za jeshi la Friedrich Mkuu, kikosi kwa kikosi.

Tuseme ukweli, ukisikia sare unafikiri ni nguo moja kwa wote. Kumbe hapana. Askari wa miguu wa Prusia walivaa koti la buluu iliyokoza. Rangi yenyewe inaitwa buluu ya Prusia, na iligunduliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18. Lakini chini ya buluu hiyo kila rejimenti ilikuwa na alama zake. Hawa wana mikunjo ya mikono myekundu, wale ya njano, wengine ya waridi. Hawa vifungo vyao ni vya njano, wale vyeupe. Hawa wana utepe kifuani, wale hawana. Grenadia, askari waliokuwa wakichaguliwa kwa nguvu na kimo, walivaa kofia ndefu zenye bamba la chuma kilichong'arishwa mbele, zikawafanya waonekane warefu zaidi. Wapanda farasi wepesi walioitwa hussar walikuwa na vikoti vifupi vyenye kamba zilizoshonwa kifuani mistari mistari, na kikoti cha pili chenye manyoya kikining'inia begani. Wapanda farasi wazito walivaa kinga ya chuma kifuani. Nywele nazo zilikuwa sare: zinasukwa mkia mmoja nyuma na kupakwa unga. Kukosea mkia wa nywele ni sawa na kukosea kofia.

Alama hizo hazikuwa urembo mtupu. Bunduki za zama zile zilitoa moshi mwingi sana. Dakika chache tu baada ya mapigano kuanza uwanja ulikuwa umefunikwa. Ofisa aliyekuwa akitafuta watu wake alihitaji kuwatambua kwa rangi ya mkono au kofia. Kwa hiyo Menzel alipokuwa anabishana na nafsi yake kuhusu rangi ya mkunjo, alikuwa anarekodi kitu ambacho kiliwahi kuwa suala la kufa na kupona.

Namna yake ya kuchora ilikuwa tofauti na vitabu vya sare vilivyozoeleka. Vingi vilimweka askari wima kama mwanasesere wa dukani, uso mtupu, nguo haina hata mkunjo. Menzel alivichukua vile vikoti vya ghalani na kuvirudishia miili. Askari wake wana vitambi, wana pua zilizovunjika, mmoja amechoka, mwingine anaonekana kabisa kwamba ni mtukutu. Anamwonyesha mbele, nyuma na ubavuni, ili fundi cherehani aone mshono na mtu wa kawaida aone binadamu. Koti linavutika kwapani, kwa sababu mkono umeinuliwa. Mkanda wa mfuko wa risasi umelalia bega, na bega limeinama kidogo upande huo.

Kazi ilipokamilika ilikuwa juzuu tatu zenye kurasa za picha zaidi ya 400, zimechapwa kwa mawe na kupakwa rangi kwa mkono, karatasi moja baada ya nyingine. Zilitoka nakala ngapi? 30. Si elfu 30. Thelathini tu. Miaka 15 ya kazi kwa nakala ambazo zingeenea kwenye kabati moja la maktaba ya idara. Kwa hesabu za kibiashara ni hasara tupu. Lakini kutokana na hizo 30, waliokuja baadaye wamenakili, wakachapa upya na kusambaza, na kila anayeshona koti la Prusia kwa ajili ya maigizo ya vita, au anayechora kadi ya sikukuu yenye grenadia amesimama kwenye theluji, anakula matunda ya mti huo.

Umaarufu, na turubai lenye tundu

Kati ya kazi hizo aliendelea na nyingine. Kati ya 1843 na 1849 alichora picha ndogo 200 kwa ajili ya toleo la kifalme la maandishi ya Friedrich mwenyewe. Akaingia kwenye michoro mikubwa ya rangi ya mafuta. Inayojulikana zaidi ni ile aliyoimaliza mwaka 1852, inayomwonyesha mfalme akipiga filimbi katika jumba la Sanssouci, mishumaa inawaka, wageni wamekaa, mwingine anasikiliza kweli na mwingine anasubiri tu iishe. Tunawajua watu wa namna hiyo, wapo kwenye kila mahafali.

Mwaka 1859 alianza turubai kubwa la Friedrich akizungumza na majenerali wake kabla ya vita vya Leuthen, Desemba 1757. Majenerali wamesimama kwenye theluji, makoti yamekamilika, nyuso zimekamilika. Anayekosekana ni mfalme. Pale alipotakiwa kusimama pamebaki pachapacha, hapajapakwa rangi ya kueleweka. Menzel aliiacha kazi hiyo mwaka 1861 na hakuimalizia hadi alipokufa, ingawa aliishi miaka zaidi ya 40 baada ya hapo. Mtu aliyemchora Friedrich mara mamia alifika mahali akamwacha kama tundu katikati ya jeshi lake. Turubai hilo liko Berlin hadi leo, na tundu lake lipo.

Sababu mojawapo ya kuliacha ni kwamba mwaka huohuo 1861 aliagizwa kuchora kutawazwa kwa Mfalme Wilhelm wa Kwanza mjini Königsberg. Kazi hiyo ilimla miaka minne. Ndani yake kuna sura za watu 132 wanaotambulika, kila mmoja na nishani zake mahali pake. Sasa alikuwa mtu mkubwa.

Ghala la nyasi, 1866

Sasa nakuja kwenye sehemu iliyonifanya nimwandike mtu huyu.

Mwaka 1866 Prusia ilipigana na Austria. Vita kuu ilikuwa Königgrätz, huko Bohemia, sehemu ambayo leo ni Ucheki, tarehe 3 Julai. Prusia ilishinda. Berlin ilishangilia. Menzel alikuwa na miaka 50, ndiye bingwa wa kuchora askari, na katika maisha yake yote hakuwahi kuona vita. Aliwajua askari kupitia nguo zilizotundikwa. Akafunga safari kwenda kuona.

Alichokuta kilikuwa baada ya vita: hospitali za muda, majeruhi, waliokuwa wanakata roho, na maiti. Alichora. Kuna mchoro wa penseli na rangi ya maji wa askari waliokufa wamelazwa kwenye majani makavu ndani ya ghala la mkulima. Hakuna bendera, hakuna mkono ulioinuliwa juu, hakuna mfalme. Miili imelegea vile maiti inavyolegea, na nguo zimekaa ovyo. Jicho lilelile lililokuwa likihesabu vifungo vya karne ya 18 lilihesabu hapa pia, kwa uangalifu uleule. Hakupunguza wala hakuongeza.

Alirudi Berlin, na ushindi ule mkubwa hakuuchorea picha hata moja ya mapigano. Wakati wachoraji wengine walikuwa wanapata fedha kwa kuchora farasi na moshi, yeye alijifungia kwenye chumba cha silaha cha jumba la kifalme akachora mavazi ya chuma ya kale, matupu, yamesimama na kulala kama vile bado yana watu ndani. Mwaka 1871, baada ya Ufaransa kushindwa na Ujerumani kuwa dola moja, alikaa na kuichora darubini ya Jemadari Moltke pamoja na mfuko wake wa ngozi. Darubini tu. Kila mtu atafsiri anavyojua. Mimi naona ni mtu aliyekuwa ameelewa kwamba sare inaweza kuchorwa kwa ukweli ikiwa tupu, lakini ikiwa na mtu ndani lazima uwe tayari kuchora na mwisho wa huyo mtu.

Hapo ndipo penye jibu la lile swali la mwanzo. Sisi tunaosomea ualimu tutaingia darasani kufundisha historia, na zana yetu ya kwanza ni picha. Mara nyingi picha ya vita kwenye vitabu ni askari yeyote, nguo yoyote, zama zozote. Mtoto anamwona mtu na bunduki, basi. Picha iliyokosewa inafundisha kwamba waliokufa hawakuwa watu wa mahali fulani, siku fulani, wenye koti lililowabana kwapani. Menzel anatuonyesha kwamba usahihi si ushabiki wa jeshi. Anayejua kuchora kifungo kwa ukweli ndiye anayeweza kuaminiwa anapochora maiti.

Miaka ya mwisho

Hakuoa. Mama yake alifariki 1846, na baadaye aliishi karibu na dada yake Emilie na shemeji yake, mwanamuziki Hermann Krigar. Alikuwa mkali, mwenye maneno ya kuchoma, na alichora mahali popote: kwenye treni, hotelini, kwenye dhifa. Koti lake la juu lilikuwa na mifuko minane ya kuwekea madaftari ya ukubwa mbalimbali, yaani alijishonea sare yake mwenyewe. Kati ya 1872 na 1875 alichora kiwanda cha kusaga chuma cha Königshütte, Silesia, wafanyakazi wamezunguka chuma chekundu, wengine wanakula kwenye kona, wengine wananawa. Alikwenda kiwandani akafanya michoro zaidi ya 100 ya maandalizi. Mfaransa Degas alimhusudu kiasi cha kunakili moja ya picha zake. Mwaka 1876 alichora mguu wake mwenyewe, na vidole vyake visivyopendeza, kwa uangalifu aliompa mfalme.

Mwaka 1895, mwaka aliotimiza miaka 80, Kaisari Wilhelm wa Pili alimwandalia jambo Sanssouci. Mzee alipofika alikuta walinzi wamevaa sare za jeshi la Friedrich, watu wa ikulu wamevaa nguo za karne ya 18, na Kaisari mwenyewe amevaa kama ofisa wa zama zile, akimpokea mgeni. Tamasha la filimbi likapigwa, ile picha yake ya 1852 ikawa hai mbele ya macho yake. Maigizo ya historia, tena ya kiwango cha serikali. Mwaka 1898 alipewa Nishani ya Tai Mweusi, ya juu kabisa Prusia, na jina lake likaongezewa heshima ya kikabaila. Yule aliyekataliwa kwa ufupi sasa maofisa walikuwa wanampigia saluti.

Alifariki Berlin tarehe 9 Februari 1905, akiwa na miaka 89. Kaisari alitembea nyuma ya jeneza lake.

Julai mwaka huohuo, kwenye milima ya Umatumbi, watu walikataa kulimishwa pamba, na vita vya Maji Maji vikaanza. Kaisari aliyevaa nguo za maigizo Sanssouci ndiye aliyekuwa mkuu wa dola iliyotuma majeshi kuvizima, na mashamba na maghala ya chakula yakachomwa, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Menzel hakuhusika na hayo, na simbebeshi mzigo usio wake. Ila nafikiri juu ya mchoro wa ghala la Bohemia. Waliolala kwenye majani yale walipata mtu wa kukaa chini na kuwatazama. Wa kwetu hawakumpata mchoraji wa namna hiyo siku zile. Walioko kwenye kozi ya sanaa hapa chuoni, na sisi tutakaoshika chaki, kazi hiyo bado inatusubiri. Inaweza kuanza na kitu kidogo tu, hata kadi, mradi vifungo viwe mahali pake.